Shahidi wa Nedi

Mtaa wa Braeside umekaa juu ya kilima, na mji uko chini, kando ya mto Clyde. Watu wa chini walikuwa na jina lao kwa vijana wa juu: manedi. Akiwa mmoja ni nedi. Ni neno dogo, lakini kwa jinsi lilivyotamkwa ungedhani mtu anatema kokwa. Nedi alijulikana kwa traksuti yake, kwa kofia iliyoinamishwa, kwa kukaa ngazini na kucheka kwa sauti. Na mtu akishaitwa nedi asubuhi hakuwa na haja ya kukosa jioni, kosa lake lilikuwa limekwisha kuaminiwa. Mwaka ule magazeti ya Uskoti hayakuwa na habari nyingine. Samaki mmoja akioza wote wameoza, na Braeside nzima ilisemwa kuwa inanuka.

Charlene Coyle alikuwa na miaka kumi na tisa, msichana mrefu mwenye nywele nyekundu, alizozivuta nyuma na kuzifunga kwa nguvu hata nyusi zikapanda. Traksuti yake ilikuwa nyeupe, hereni zake kubwa kama bangili, na ulimi wake haukuwa na breki. Aliishi na mama yake, Rena, orofa ya tatu, nyumba namba kumi na moja, Barabara ya Kilmory. Rena alikuwa dobi wa hospitali, akifua mashuka tangu alfajiri mpaka alasiri. Charlene hakuwa na kazi ya kudumu, ila alikuwa na barua aliyoitunza chini ya godoro: chuo cha ufundi kilimwandikia kwamba mwezi wa Agosti ataanza kujifunza kupiga lipu. Katika majina ishirini na mawili yaliyochaguliwa, la msichana lilikuwa lake peke yake.

Orofa ya chini, mlango wa kwanza ukiingia, aliishi Agnes Tulloch, mjane wa miaka sabini na minne. Alikuwa amefanya kazi miaka thelathini katika kiwanda cha kamba kabla hakijafungwa, na mikono yake ilikuwa bado migumu kama kamba zenyewe. Huyu bibi na Charlene walikuwa paka na panya. Mvua inaponyesha, na huko hunyesha inavyotaka, Charlene na rafiki zake walikaa kwenye ngazi, miguu imenyooshwa, simu mkononi, maganda ya plastiki ya chipsi yakidondoka. Bibi Tulloch alifungua mlango na kuwafukuza. Walijibu. Naye aliingia ndani kuandika.

Maana alikuwa na daftari. Manispaa iliwagawia wapangaji madaftari ya kuandikia makosa ya jirani wasumbufu: siku, saa, na tendo. Kamati ya wapangaji, chini ya mwenyekiti wake Moira Geddes, ilikusudia kuyapeleka yakijaa, ili familia kadhaa zihamishwe Braeside. Familia ya Coyle ilikuwa ya kwanza kwenye orodha, na daftari la Bibi Tulloch ndilo lililokuwa nene kuliko yote. Charlene alilijua. Mara nyingine alimpigia kelele kupitia tundu la mlangoni, "Bibi, umeandika? Nimekohoa. Andika nimekohoa."

Siku moja ya Machi, Jumanne, mzee mmoja aitwaye Walter Innes alitoka posta kule chini mjini. Msichana mwenye traksuti nyeupe na nywele zilizofungwa nyuma alimsukuma ukutani, akamnyang'anya pochi, akatokomea. Mzee Innes alivunjika kifundo cha mkono. Polisi hawakusumbuka sana kutafuta. Walipanda kilimani, wakaulizia msichana wa aina hiyo, na kabla ya jua kutua Charlene alikuwa kituoni. Wiki iliyofuata kulifanywa gwaride la utambulisho. Mzee Innes akapita mbele ya wasichana wanane, akarudi, akasimama mbele ya Charlene. "Huyu," akasema. Alisema kwa nia safi. Aliamini alichokisema.

Charlene aliporudi nyumbani kwa dhamana, mama yake alikuwa amekaa mezani na koti lake la kazi, hajalivua.

"Nikuulize mara moja tu," Rena alisema. "Nikijua ukweli nitaubeba, hata uwe mzito vipi. Umeiba?"

"Sikuiba, Mama."

Rena alimtazama kitambo kirefu. Kisha akasema, "Haya," akainuka kuweka birika motoni, na tangu hapo hakumuuliza tena. Katika miezi mitatu iliyofuata, mji ulipokuwa umekwisha kumhukumu, Charlene alilishika lile "haya" kama mtu ashikavyo reli ya ngazi gizani. Hakumwambia mama yake jinsi alivyomshukuru kwalo. Hakujua angeanzia wapi.

Wakili aliyepewa na serikali aliitwa Heggie, kijana mwenye uchovu na makombo ya mkate kwenye tai. Aliweka mafaili yake mezani akauliza, "Jumanne ile, saa nane na robo hadi saa tisa kasorobo, ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Kwenye ngazi."

"Nani alikuona?"

"Pauline, rafiki yangu. Tulikuwa naye mpaka kama saa nane, halafu akaenda zake. Nikabaki naongea kwenye simu."

"Pauline ana kesi ngapi?"

"Mbili."

Heggie alijisugua macho. "Mwingine?"

Charlene alijua jina. Hakupenda kulitamka. "Bibi Tulloch wa chini. Lakini huyo afadhali ukamuulize shetani. Ananichukia."

"Alikuona?"

"Alikuja kunifukuza. Nikamtukana. Akaandika."

Heggie aliinua kichwa. "Akaandika wapi?"

Siku ile ile alipanda Braeside kugonga mlango wa Bibi Tulloch. Charlene alisubiri nje, nyuma ya mapipa ya taka. Aliona mlango ukifunguliwa kwa upana wa mnyororo tu. Heggie alizungumza kwa dakika kumi, akionyesha ngazi, akionyesha saa yake. Kisha mlango ukafungwa.

"Amesemaje?" Charlene aliuliza.

"Amesema, 'Nimesikia.'"

"Basi?"

"Basi. Nitampelekea hati ya kuitwa shahidi. Mtu anaweza kuitwa, binti, lakini kumbukumbu yake huwezi kuilazimisha. Akisema hakumbuki, au daftari limepotea, sina la kufanya."

Ikawa hivyo. Wiki zikapita. Bibi Tulloch alipokutana na Charlene mlangoni alimpita kama anayepita nguzo. Charlene naye, kwa mara ya kwanza maishani, alipita bila kusema kitu, akakaa na rafiki zake ngazi za nyumba ya jirani. Barua ya chuo aliisoma mara nyingi mpaka mikunjo yake ikaanza kupasuka. Alijua wazi: fundi lipu huingia majumbani mwa watu, hukaa peke yake katika vyumba vya watu, na mwenye doa la wizi hawezi kufunguliwa mlango. Chuo kilikuwa kimeandika hivyo hivyo, kwa maneno ya adabu zaidi.

Siku ya kesi ilikuwa Jumatano ya Juni, mvua nyembamba. Rena aliomba ruhusa kazini. Alitaka Charlene avae sketi ya kuazima na blauzi, na Charlene akavaa, akajitazama kwenye kioo, akaona mtu asiyemjua. Kizimbani alisimama amebana viganja. Kesi za aina ile hazina baraza la wazee wa mahakama. Hakimu husikiliza na kuamua peke yake. Hakimu siku hiyo alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani iliyoshuka puani.

Mzee Innes alipanda kwanza. Mkono wake ulikuwa bado na bandeji. Alieleza alivyosukumwa, akaulizwa kama anamwona aliyefanya hivyo, akanyoosha kidole cha mkono mzima. Sauti yake ilitetemeka, na Charlene, ajabu, alimwonea huruma. Akafuata polisi. Kisha Charlene mwenyewe akaapa, akasema alipokuwa, na mwendesha mashtaka, bwana mmoja mtanashati, akamuuliza taratibu, "Kwa hiyo tukuamini wewe tu?"

"Ndiyo," Charlene alisema, na akasikia jinsi jibu lilivyokuwa dogo katika chumba kile.

Heggie alisimama akasema ana shahidi mmoja. Akatazama mlango. Karani akatoka nje kuita jina, likasikika likitembea kwenye korido: Agnes Tulloch, Agnes Tulloch. Hakuna aliyejibu. Rena, kwenye benchi la nyuma, alifumba macho. Karani akaita tena.

Ndipo ziliposikika hatua. Bibi Tulloch aliingia akiwa amevaa kofia yake ya kanisani na koti la kijivu lililofungwa vifungo vyote, kikapu cha dukani mkononi. Hakuharakisha. "Nilikuwa msalani," alimwambia karani, na watu wakacheka kidogo. Alipanda kwenye kizimba cha mashahidi, akaapa kwa sauti ya mtu aliyezoea kuimba zaburi, akatoa daftari kikapuni, akaliweka mbele yake.

"Bibi Tulloch," Heggie alisema, "tusomee ulichoandika Jumanne ile."

Alivaa miwani. Alisoma kama anavyosoma mtu orodha ya vitu sokoni.

"Saa saba na dakika hamsini. Coyle na mwenzake wamekaa ngazini. Wanacheka. Ganda la chipsi, moja. Saa nane na dakika tano. Mwenzake ameondoka. Coyle yupo kwenye simu. Saa nane na dakika ishirini. Nimetoka kumwambia aondoke kwenye ngazi. Amesema ngazi sikuzijenga mimi. Nimemwambia nitaandika. Amesema..." Alisita, akashusha miwani, akamtazama hakimu. "Mheshimiwa, nilisome na hili?"

"Lisome."

"Amesema, 'Nenda kalale, kunguru mzee wa dirishani.' Saa nane na dakika arobaini. Bado yupo. Anaimba. Hajui kuimba. Saa tisa kasoro dakika tano. Amepanda kwao."

Watu walicheka mpaka karani akawanyamazisha. Charlene alikuwa amefunika uso kwa mikono. Masikio yake yaliungua. Lakini katikati ya aibu ile alihisi kitu kikilegea kifuani, kama fundo la kamba lililolowa likianza kufunguka.

Mwendesha mashtaka akainuka. "Bibi Tulloch, mshtakiwa ni rafiki yako?"

"La."

"Unampenda?"

"Hata kidogo. Ni nedi."

"Nedi. Basi huenda ulikosea saa. Umri..."

"Mimi ninaandika kwa saa ya jikoni, na saa ya jikoni naisahihisha kila siku kwa redio. Miaka thelathini kiwandani sikuchelewa hata siku moja. Umri wangu hauna shida na saa."

"Lakini huyu, kama ulivyosoma, amekutukana. Kwa nini uje umtetee?"

Bibi Tulloch alifunga daftari. "Sikuja kumtetea. Nimekuja kusema alipokuwa. Saa nane na dakika ishirini alikuwa ananitukana mimi, Barabara ya Kilmory. Hawezi kunitukana mimi juu na kumwibia mzee huyu posta chini, kwa dakika hiyo hiyo. Hata manedi wana miguu miwili tu."

Hakimu aliinama mbele. "Bibi Tulloch, hilo neno umelitumia mara mbili. Kwako wewe, nedi ni nani?"

Hapo bibi alivua miwani. Alitazama kizimbani, na ilikuwa mara ya kwanza siku ile macho yake na ya Charlene kukutana.

"Ni hawa wetu wa kule juu, Mheshimiwa," alisema. "Nilipokuwa kiwandani tulikuwa tukishuka mjini na nywele zimejaa vumbi la katani, na watu wa chini walikuwa na jina la kutuita na sisi. Siyo hili. Baya kuliko hili. Lakini ninajua lilivyokuwa likisikika."

Hakimu hakukawia. Alisema haamini kwamba mzee Innes amedanganya, ila anaamini amekosea. Kwamba ameshasikia mashahidi wengi waliokuja kwa mapenzi, na ni nadra kumsikia aliyekuja kinyume cha mapenzi yake. Mshtakiwa hana hatia. Aende.

Rena alilia waziwazi, kama mtoto, koti la mvua likiwa limemtoka bega moja. Charlene alishuka kizimbani. Pale koridoni mzee Innes alimsogelea, kofia mkononi. "Binti, nilidhani ni wewe. Zile nywele. Ile nguo. Nimekuwa sioni kitu kingine." Charlene alitazama bandeji ya mzee. Alichokisema ni, "Mkono wako utapona, mzee?" Naye akasema daktari anadhani utapona.

Bibi Tulloch alikuwa tayari barabarani, kwenye kituo cha basi. Charlene alimkimbilia na sketi yake ya kuazima, mvua usoni.

"Bibi Tulloch. Ninataka..."

"Usinishukuru. Ungekuwa umeiba, ningekuja na daftari hili hili kusema umeiba." Alikihamishia kikapu mkono wa pili. "Na kesho ukikaa kwenye ngazi zangu, nitaandika."

Basi lilikuja. Wote watatu walikuwa wanakwenda Braeside, na basi lilikuwa moja. Bibi alikaa mbele. Rena na Charlene walikaa viti vitatu nyuma yake, wakaitazama kofia yake ya kanisani njia nzima. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Agnes Tulloch hakuwa rafiki, na alikuwa amemfaa. Charlene hakujua mtu huweka wapi deni la namna hiyo la moyo.

Agosti ilifika, akaanza chuo. Alijifunza kuchanganya lipu isiwe nzito wala nyepesi, kuibeba kwenye ubao, kuisambaza ukutani kwa mwiko katika mkupuo mmoja mrefu usio na woga. Jioni alirudi na nyusi nyeupe. Ilikuwa mwezi wa Oktoba, akinawa mikono kwenye sinki, mama yake alipomwambia habari aliyoisikia kazini.

"Bibi Tulloch haendi tena bingo ya Alhamisi."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Alikuwa akienda, anakaa meza peke yake, anarudi. Wiki mbili hizi hakwenda kabisa." Rena alipunguza sauti, ingawa walikuwa wawili tu. "Ni Moira Geddes na kamati yake. Daftari lile lilikuwa ndilo nguzo ya shauri lao la kutuhamisha. Baada ya mahakamani manispaa wakaliweka kando shauri lote. Moira amewaambia watu kwamba Agnes amewasaliti, amechukua kalamu ya kamati kuwaandikia manedi. Wanawake aliokaa nao meza moja miaka ishirini wamehamia meza nyingine."

Charlene alifunga bomba. Maji yalikuwa yamekwisha kuwa ya moto na hakuwa amesikia. "Hakutuambia."

"Atuambie ili iweje?"

Siku iliyofuata Charlene alishuka akagonga mlango wa chini. Mnyororo, kisha jicho.

"Nani ameacha ganda?" Bibi Tulloch aliuliza.

"Hakuna ganda. Alhamisi nataka kwenda bingo, sijui kucheza. Utanifundisha?"

"Huo ni mchezo wa vikongwe."

"Ndiyo maana nataka mwalimu."

Jicho lilimpima toka nyusi hadi viatu. "Utakuja umevaa hivyo?"

Charlene alijitazama. Traksuti nyeupe, lipu magotini. Alifikiri kuhusu ile sketi ya kuazima. "Nitavaa hivi," alisema. "Ila nitaifua."

Bingo, mchezo wa kutia alama kwenye kadi namba zinaposomwa, ilichezwa alasiri, katika ukumbi wa kanisa, meza ndefu zilizofunikwa plastiki, birika kubwa la chai pembeni na sahani za keki. Zawadi zilikuwa sabuni, bati la biskuti, na kwa bahati kubwa kuku mzima. Walipoingia, Bibi Tulloch na kofia yake na Charlene na hereni zake, mazungumzo yalikatika kama redio iliyochomolewa. Bibi alitembea moja kwa moja hadi meza yake tupu. Charlene alimfuata. Alikuwa amewahi kupita mbele ya vijana wa mitaa ya maadui bila kupepesa, lakini pale, mbele ya vikongwe arobaini wenye kalamu za rangi, alitembea akitazama sakafu.

Kutoka meza ya Moira Geddes sauti ilisema, ya kutosha kusikika, "Sasa manedi mpaka kanisani."

Charlene alianza kugeuka. Mkono mgumu ulimshika kifundo cha mkono.

"Tazama kadi yako," Bibi Tulloch alisema bila kuinua macho. "Namba zinasomwa haraka. Hapa hatujaja kujibu watu, tumekuja kushinda sabuni."

Hawakushinda kitu. Alhamisi ya pili walishinda sabuni, na Bibi Tulloch akasema Charlene angepata na biskuti kama asingekuwa anazitazama namba kama ng'ombe anayetazama gari moshi. Alhamisi hiyo hiyo mwanamke mfupi aitwaye Bessie, mmoja wa wale waliohama meza, alipita na sahani yake, akasimama, akasema dari la chumba chake lina ufa na mafundi wanamtajia bei za kutisha, na je, ni kweli kwamba huyu msichana anajifunza mambo hayo?

"Ni kweli," Charlene alisema. "Nitakuja nitazame. Lakini sijafuzu, bibi. Nikiona linanishinda nitakwambia."

Bessie alivuta kiti. Alijifanya amechoka miguu, akakaa.

Moira Geddes hakuja kwenye meza ile, wala sidhani alikuja kamwe. Lakini ilipofika katikati ya Novemba meza ilikuwa na wanawake watano, wakibishana kuhusu kalamu, na Charlene ndiye aliyetumwa kuleta chai kwa kuwa miguu yake ilikuwa bado mipya.

Alhamisi moja walipotoka kulikuwa kumeanguka barafu mapema. Njia ya kupanda Braeside iling'aa chini ya taa zilizokwisha kuwashwa saa kumi na moja. Charlene alitoa mkono wake, na Bibi Tulloch, baada ya kuutazama, akaushika. Walipanda pole pole, kikapu katikati yao, mvuke ukiwatoka midomoni.

"Nitakwambia kitu," bibi alisema walipopumzika kwenye uzio wa shule. "Usiku wa kuamkia kesi nilikaa na daftari mapajani. Moira alikuwa amekuja. Aliniambia, Agnes, sema limepotea. Hutasema uongo wowote juu ya mtu, utasema tu limepotea. Na jiko lilikuwa linawaka. Ningelitia humo, ndani ya dakika tano hakuna daftari."

Charlene alihisi baridi ikimwingia mahali ambapo koti halikufika. Miezi yote ile alikuwa amedhani yule bibi aliingia mahakamani kama alivyoingia, wima, bila shaka yoyote. Hakuwa amejua ilikuwa karibu kiasi kile: mlango wa jiko, dakika tano.

"Nani angejua?" aliuliza.

"Hakuna. Hilo ndilo nililokuwa najiambia mpaka saa sita. Hakuna atakayejua, na wewe ulikuwa unanitukana, na ningepata ngazi zangu zikiwa kimya." Aliukaza mkono wake. "Lakini mimi ningekuwa najua. Na ningekuwa natoka kila alasiri kuchukua maziwa, nakutana na mama yako anatoka kazini, anapanda peke yake."

Charlene alitaka kusema mambo mengi. Kuhusu barua ya chuo, kuhusu ukuta wa kwanza alioumaliza ukanyooka, na mwalimu akaupigia taa asione hata mkunjo. Kuhusu mama yake ambaye sasa alilala usiku kucha. Alijua akianza tu ataambiwa anyamaze. Kwa hiyo alisubiri mpaka pumzi za bibi zikatulia, kisha akamshukuru kwa namna pekee aliyoachiwa: kutembea upande wa barabara, penye barafu nyingi, na kukanyaga kwanza.

"Hapa panateleza," alisema. "Weka mguu hapa nilipoweka mimi."

Bibi Tulloch akauweka.